Unataka kuosha picha nyumbani? Pima keja yako kwanza

UMEPATA kamera ya filamu, umepiga picha zako, na sasa unataka kuzichapisha mwenyewe. Mashine ya kukuza picha umeshapata, ya mtumba. Swali ni moja: hizo karatasi utazioshea ndani ya nini?

Hapo ndipo wengi huchoma pesa. Mtu anaona video, anaagiza mashine ya bei, kisha inakosa pa kukaa kwenye bedsita. Kabla hujatoa hata shilingi, jiulize: nina nafasi gani, maji napata vipi, na nitachapisha picha ngapi kwa wiki?

Kama ndio unaanza na picha nyeusi na nyeupe, nunua trei tatu za plastiki na karai la kusuuzia. Trei ya kwanza ni ya developa, inayoibua picha. Ya pili husimamisha kazi ya developa. Ya tatu ni ya fiksa, inayozuia mwanga usiiharibu picha baadaye. Raha yake ni kwamba chini ya taa nyekundu unaiona sura ikijitokeza polepole. Ubaya ni nafasi: trei za picha za inchi 8 kwa 10 zikipangwa pamoja na karai zinamaliza zaidi ya mita moja ya meza. Huna meza? Tumia trei moja, ukimwaga dawa na kutia nyingine.

Ukitaka picha za rangi, fikiria ngoma. Hili ni kopo lisilopitisha mwanga. Unatia karatasi gizani, unafunga, kisha unawasha taa na kuendelea. Hutumia dawa kidogo, kama mililita 100 kwa picha moja. Lakini lazima uioshe na kuikausha kabla ya picha inayofuata, kwa hivyo kazi huenda pole pole.

Kuna pia tangi la wima, ambalo karatasi huning'inia ndani yake. Halichukui nafasi, na dawa hukaa muda mrefu kwa sababu haiguswi sana na hewa. Ila ni ghali. Kama unachapisha picha mbili kwa mwezi, hilo si lako bado.

Sasa maji. Mtaani kwenu yakija kwa mgao, chagua karatasi iliyopakwa plastiki, ambayo husuuzwa kwa dakika chache tu. Karatasi ya kawaida isiyo na plastiki huweza kutaka hata saa nzima. Na usiharakishe: fiksa ikibaki kwenye karatasi, ile picha ya nyanya yako itageuka manjano.

Dawa nyingi hufanya kazi vizuri kwa nyuzi 20. Ukiwa Mombasa, weka trei ndani ya karai la maji baridi.

Mwisho, usitumie vyombo vya jikoni kisha ukavirudisha jikoni. Vaa glavu, acha hewa ipite, na weka koleo la kila trei kando. Fiksa iliyotumika ina madini ya fedha, usiimwage mtaroni. Iweke kwenye mtungi ulioandikwa, mbali na watoto, hadi upate studio au maabara itakayoipokea.

Anza na trei. Mashine itakungoja, ukizidiwa na kazi, utajua mwenyewe wakati wake umefika.