Besi inapotelea wapi sebuleni?

Jioni za Ijumaa huko Changarawe, kijiji jirani na Chuo Kikuu Mzumbe mkoani Morogoro, mpita njia huusikia mdundo kwanza, sauti ya mwimbaji baadaye. Madirisha yanatetema. Ndani, mwenye sabufa kakaa kwenye kochi katikati ya sebule, naye analalamika kwamba besi haitoshi. Anaongeza. Mshahara ukitoka anafikiria kununua sabufa kubwa zaidi.

Analalamika kwa haki, maana pale alipokaa besi kweli haipo. Tuchukue sebule ya futi 14 kwa 12. Futi 14 ni mita 4.3 hivi. Kwa joto la huku chini ya milima ya Uluguru, sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la mitikisiko 40 kwa sekunde, yaani hezi 40, lina urefu wa mita 8.6: mara mbili kamili ya urefu wa sebule. Likigonga ukuta na kurudi, linajikuta likipishana na lenyewe, na mwisho linasimama mahali pamoja. Kwenye kuta mbili za mwisho linakuwa nene; katikati ya chumba linafutika.

Sasa uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatoa hezi 41. Noti ya chini kabisa ya mpiga besi imeangukia palepale penye ugonjwa.

Kwa Morogoro hili si jambo dogo. Huu ni mji wa Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Katika muziki wao wa dansi gitaa la besi linatembea, linajibizana na solo, linambeba mwimbaji. Ukilisikiliza kwenye sebule hiyo, noti moja inanguruma, inayofuata inasikika kwa mbali, ya tatu haipo kabisa. Singeli inaweza kuvumilia kasoro hiyo, maana kasi yake inaficha mengi. Dansi haivumilii.

Na wakati aliye kwenye kochi anaongeza sauti aipate noti iliyopotea, jirani aliyelala upande wa pili wa ukuta anaipata nzima, tena kwa ziada, kwa kuwa ukutani ndipo wimbi lilipo nene. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu mwaka 2015, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, imekuwa ikizikumbusha baa na nyumba za ibada. Ugomvi wa besi kati ya wapangaji, hata hivyo, huishia kwa mwenye nyumba.

Mwaka 2002, Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya Harman ya Marekani, aliwasilisha kwa wahandisi wa sauti mjini Munich utafiti uliouliza swali moja la kawaida: sabufa ngapi zinatosha? Alipima kwa kompyuta mipangilio mingi ndani ya chumba cha mstatili. Nne, moja katikati ya kila ukuta, zilifanya vizuri sana. Lakini mbili tu, katikati ya kuta zinazotazamana, zilizikaribia mno. Zaidi ya nne, faida haikuonekana.

Siri yake ni hii. Watu wawili wakisimama pande mbili za bembea na kuisukuma kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa, bembea haiendi popote. Sabufa mbili zinazotazamana zinalifanyia hivyo lile wimbi la hezi 40: kila moja inazuia lisimame. Kinachobaki chumbani ni besi inayofanana kwenye kochi, kwenye kiti cha mgeni na mlangoni. Kwa hiyo sabufa ya pili inanunuliwa ili zote mbili zipunguzwe sauti, jambo ambalo muuza duka hatakwambia, maana yeye anauza wati. (Zile wati elfu kadhaa zilizochapwa kwenye boksi zisikutishe, angalia umeme ambao kifaa chenyewe kinavuta, maandishi yake yako nyuma.)

Ugumu upo. Kwetu sabufa ni seti nzima: boksi lenye amplifaya ndani, pamoja na spika zake ndogo. Ukileta seti ya pili, spika zake ndogo zichomoe, libaki boksi peke yake. Tafuta la aina ileile na la kwanza. Usiziunganishe kwa bluetooth, kwani moja itachelewa kidogo na hesabu yote itaharibika. Tumia waya unaogawanyika mara mbili. Kisha piga wimbo wenye besi nzito. Kama besi imepungua badala ya kukaa sawa, huenda spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Fundi redio ageuze nyaya mbili nyuma ya spika ya sabufa mojawapo, halafu usikilize tena. Tatizo lisilo na fundi ni kwamba katikati ya ukuta mara nyingi ndipo palipo na mlango. Hapo sogeza kidogo pembeni, upoteze kidogo.

Mwanafunzi mwenye geto la futi 10 kwa 10 asihangaike na mbili. Chumba chake ni cha mraba, marefu na mapana yote yanavimbisha noti ileile ya hezi 57 hivi, na kitanda kimeegemea ukuta, kwa hiyo besi anayo tele. Aitoe tu sabufa kwenye kona, ambako inaamsha kila wimbi la chumba, aiweke katikati ya ukuta. Kama hajui ukuta upi, aiweke kwanza kitandani pale anapoegemeza kichwa, apige wimbo wenye gitaa la besi linalotembea, kisha azunguke chumba akiwa amechuchumaa. Atakaposikia noti zote zimekaa sawasawa, hapo ndipo pa kuiweka.