Je, Wajua? Reli ilale nje, treni ilale ndani

Je, wajua kuwa reli ya treni ndogo za bustani inaweza kukaa nje mwaka mzima, ila treni zenyewe zinastahili banda? Kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilipoanzisha chapa yake ya treni za bustani, LGB, mwaka 1968, ilitengeneza reli za kuhimili mvua na theluji. Hata hivyo jua huchujua plastiki na unyevu hudhuru mota.

Wapo wasemao kubeba treni kwa mkono hadi bandani kunatosha. Kwa mabehewa mawili matatu, sawa. Zaidi ya hapo, mikono huvunja viungio vya mabehewa zaidi kuliko safari. Afadhali kutoboa ukuta wa banda, kuweka kilango cha kuzuia panya, na kuingiza treni nzima. Nafasi finyu bandani? Kweli, swichi za kugawa njia hula urefu mwingi. Ndiyo maana meza ya kusogezwa kando, yenye njia kadhaa sambamba, huzishinda. Ila reli inapopita ukutani liachwe pengo: mita 10 za reli ya shaba hurefuka milimita 5 hadi 6 joto likipanda nyuzi 30.