Chanzo na Pato: Istilahi za Rasilimali katika Michezo ya Karata

Mwunda istilahi hana budi kujua kazi ya kitu kabla ya kukipa jina. Katika makala haya twaijaribu kanuni hiyo katika uwanja ambao huenda wengine wakaudharau, yaani michezo ya karata za kukusanya. Katika michezo hiyo kila mchezaji hununua karata na kubadilishana na wenzake, kisha hujipangia jozi yake mwenyewe. Kitu kinachomwezesha kuzitumia karata zake chaweza kuitwa rasilimali. Neno hilo si kosa, lakini likiachwa peke yake huficha tofauti ambayo mchezaji asipoielewa hushindwa.

Tuchukue Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, na kutolewa mwaka 1993. Kwa kawaida jozi huwa na karata zisizopungua 60, na mchezaji huanza na karata 7 mkononi. Karata nyingi ni za viumbe na za uchawi, na kila moja ina gharama yake. Gharama hiyo hulipwa kwa nguvu iitwayo mana, ambayo hasa hutokana na karata za ardhi. Ardhi za msingi ni za aina tano: tambarare, kisiwa, kinamasi, mlima na msitu. Kwa kawaida mchezaji huruhusiwa kuweka mezani ardhi moja tu kwa kila zamu, na kila ardhi ya msingi hutoa mana moja. Hivyo, asipokosa ardhi, katika zamu ya tatu aweza kulipia karata ya gharama 3.

Hapa pana vitu viwili. Ardhi haiishi kwa kutumiwa. Ikishatoa mana hugeuzwa ubavu, na zamu ya mwenyewe inapoanza tena husimamishwa. Mana, kinyume chake, haiwekwi akiba: kila hatua ya zamu inapokwisha, ile isiyotumika hupotea. Mpaka mwaka 2009 kanuni zilimpunguzia uhai mchezaji aliyeiacha bure. Ni kama shamba na mavuno: shamba hubaki, mavuno yasiyoliwa huoza.

Mchumi angeiita ardhi mtaji. Neno hilo tunalikwepa, kwa kuwa wachezaji wa bao wanalo tayari kwa maana yao, inayohusu kula kete za mpinzani. Twapendekeza chanzo kwa kile kinachobaki, na pato kwa kile kinachotolewa na kutumika. Mana yenyewe ni neno la lugha za visiwa vya Bahari ya Pasifiki, lenye maana ya nguvu isiyoonekana. Lisichanganywe na mana ya kitabu cha Kutoka. Libaki kuwa jina la pato katika michezo inayolitumia.

Istilahi hizi zapaswa kufaa hata nje ya mchezo mmoja. Katika mchezo wa karata wa Pokémon, uliotolewa Japani mwaka 1996, karata ya nishati huambatishwa kwa kiumbe mmoja na kwa kawaida hubaki naye anaposhambulia. Hicho ni chanzo kilichofungwa kwa mwenyewe. Katika Hearthstone, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2014, hakuna karata za ardhi: mchezaji huongezewa fuwele moja kila zamu mpaka zifike 10. Hicho ni chanzo kisichotegemea bahati.

Bahati hiyo si jambo dogo. Jozi ya karata 60 yenye ardhi 24 humpa mchezaji wastani wa ardhi 2.8 katika karata 7 za kwanza, lakini yawezekana asipate hata moja, au apate ardhi tupu. Kwa hali ya kwanza twapendekeza ukame, na kwa ya pili mafuriko. Mkulima yeyote atayaelewa.

Kwa tendo la kugeuza ardhi ubavu twapendekeza kulaza, na kinyume chake kuamsha. Katika bao mchezaji hulala kete zake zinapoishia kwenye shimo tupu, na zamu yake hukoma. Hapa hapana mgongano, maana kinacholazwa ni karata, na mwenyewe huendelea kucheza.

Huenda msomaji akauliza faida ya juhudi hizi kwa jambo la mchezo. Jibu letu ni kwamba anayemfundisha mwenzake kanuni kwa Kiswahili, akifika mahali neno moja linapobeba vitu viwili, huhamia lugha ya kigeni ili aeleweke. Akihama mara nyingi, hatarudi. Tuwape vijana maneno yanayotenganisha vitu vinavyotofautiana, nao wataweza kubishana juu ya kanuni za mchezo wao kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.