AI Ikikuandikia Majaribio ya Malipo, Ipe Sheria za Pesa Kwanza

Wateja wetu wengi wa Nkubu wanaopokea malipo kwa simu hawakujiandikia programu zao. Agroveti iliyo kando ya barabara ya Meru kwenda Embu, duka la jumla, kikundi cha wauzaji ndizi: wote hutafuta kijana anayejua kompyuta awaunganishie Till na mfumo wa mauzo. Makala hii ni yake, na pia ya mwenye duka anayemlipa. Siku hizi kijana huyo ana msaidizi, kama GitHub Copilot, Claude au ChatGPT. Sisi hatuna shida na hilo, ila kuna mahali msaidizi huyu hukuangusha kimyakimya.

Jaribio la kipande ni msimbo mfupi unaopima sehemu moja tu ya programu. Unaipa swali ambalo jibu lake unalijua, kisha unaangalia kama itajibu hivyo. Ikijibu sawa unaona kijani, ikikosea unaona nyekundu. Kuyaandika kunachosha, ndiyo maana wengi walikuwa wakiyaruka. Sasa unaiambia AI tu, "niandikie majaribio ya faili hii," na kabla chai haijapoa unayo 20, yote kijani.

Hapo ndipo shida ilipo. AI imesoma msimbo wako ikaandika majaribio yanayokubaliana nao. Kama msimbo una kosa, majaribio yamelibariki.

Chukua STK Push, ule ujumbe unaomtokea mteja kwenye simu ili aweke PIN. Baada ya hapo Daraja, njia ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, huurudishia mfumo wako jibu lenye namba ya matokeo. 0 ina maana pesa imeingia. 1, salio halitoshi. 1032, mteja ameghairi. 1037, simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Tuseme msimbo wako unasema hivi: jibu likifika, andika "imelipwa", bila kuangalia namba. AI itaandika jaribio linalosema jibu limefika, kwa hivyo oda imelipwa. Kijani! Na kule dukani mfuko wa mbolea unafungwa kwa boda, ilhali mnunuzi alishaghairi.

Kwa hivyo usianze na msimbo. Anza na sheria za biashara, kwa maneno ya kawaida, kabla hujaionyesha AI faili lolote: "Oda imelipwa tu kama namba ya matokeo ni 0 na kiasi ni sawa na bei. Jibu lenye namba ya risiti ile ile likija mara mbili, lihesabiwe mara moja." Mwenye duka anaweza kuzitaja hizi bila kujua hata mstari mmoja wa msimbo, na kwa kweli anazijua kuliko sisi sote. Kisha iambie AI itoe majaribio kwenye sheria hizo.

Idai mipaka pia. Tangu Agosti 2023, muamala mmoja wa M-Pesa unafika hadi shilingi 250,000, basi pima 250,000, 250,001 na 0. Halafu namba za simu: bado tunakutana na programu zinazokubali 07 peke yake, wakati namba za 01 zilianza kutolewa 2019. Omba jaribio la namba ya 011, na lingine la namba inayoanza na 254.

Ukishayapata, haribu msimbo makusudi. Toa mstari unaoangalia namba ya matokeo, kisha endesha majaribio tena. Yakibaki kijani, hayapimi kitu. Ni kazi ya dakika mbili, na kwetu ina maana kuliko kujua una majaribio mangapi.

Na tafadhali, usibandike funguo zako za Daraja wala orodha ya wateja kwenye AI eti ielewe vizuri. Tunga majina na namba za uongo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwenye duka ndiye atakayeulizwa.

Majaribio haya hayagusi mtandao, kwa hivyo yakipita nenda kwenye mazingira ya majaribio ya Daraja. Mwisho fanya malipo mawili ya kweli ya shilingi moja moja: moja uweke PIN, lingine ughairi, ukiwa hapo kaunta na mwenye duka akiangalia skrini.