Askofu, Padre, Mchungaji: Vyeo na Kazi za Viongozi wa Makanisa Afrika Mashariki

Kiongozi wa kanisa katika Afrika Mashariki huitwa kwa jina la kazi yake kabla ya jina lake la ubatizo. Huyu ni Padre, yule ni Mchungaji, mwingine ni Mwinjilisti, Katekista au Mzee wa Kanisa. Majina hayo huonyesha nani amempa mtu mamlaka, mamlaka hayo yanafika wapi, na waumini wanatazamia nini kutoka kwake. Jina moja huweza pia kubeba kazi mbili tofauti katika makanisa mawili yaliyo mtaa mmoja.

Maneno yenyewe yana historia. Askofu limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambacho nacho kililipata kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya msimamizi. Kasisi na shemasi nayo yamepitia Kiarabu, na asili ya shemasi ni mhudumu. Padre limetoka Kireno, na asili ya maana yake ni baba; Kireno ni lugha ya mabaharia waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Paroko na katekista yamekuja na wamisionari wa Kikatoliki. Mchungaji limezaliwa nyumbani, kutokana na kuchunga. Kwa jamii za wafugaji halihitaji maelezo: mchungaji hujua idadi ya kundi lake, hulitafutia malisho, na humfuata aliyepotea hadi ampate.

Katika Kanisa Katoliki, Daraja Takatifu ina ngazi tatu: ushemasi, upadre na uaskofu. Shemasi huhubiri, hubatiza, hufungisha ndoa na kuongoza mazishi, lakini haadhimishi Misa wala haungamishi. Katika Afrika Mashariki wengi hukaa katika ushemasi kwa muda mfupi tu wakiwa njiani kuelekea upadre, baada ya miaka mingi ya falsafa na teolojia seminarini, ambako kijana huitwa frateri. Siku ya upadrisho, shemasi hulala kifudifudi sakafuni huku waumini wakiimba Litania ya Watakatifu. Kisha askofu humwekea mikono kichwani, na mapadre wote waliopo hufuata mmoja mmoja. Kwa familia na kijiji alikotoka, siku hiyo ni sherehe kubwa, na Misa yake ya kwanza ya shukrani nyumbani hukusanya watu wa mbali na wa karibu.

Padre anayekabidhiwa parokia huitwa paroko, na wanaomsaidia huitwa maparoko wasaidizi. Parokia hugawanyika katika vigango, na parokia kadhaa hufanya dekania chini ya dekano. Askofu ndiye mkuu wa jimbo lote: hufundisha, hutoa kipaimara, huwapa mapadre daraja na kuwapangia vituo vya kazi. Huteuliwa na Papa, naye akifikisha umri wa miaka 75 hutakiwa kuwasilisha ombi la kung'atuka. Alama zake ni kofia ndefu yenye ncha, pete, msalaba wa kifuani na fimbo ya kichungaji. Askofu Mkuu huongoza jimbo kuu, lakini daraja yake ni ileile ya uaskofu.

Ukardinali si ngazi ya nne ya daraja. Ni heshima na wajibu anaotoa Papa, na makardinali walio chini ya miaka 80 ndio wanaomchagua Papa mpya. Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimteua Laurean Rugambwa, askofu kutoka Kagera, Tanzania, kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi. Kenya ilimpata Maurice Otunga mwaka 1973, na Uganda ikampata Emmanuel Nsubuga mwaka 1976. Adabu ya kuandika jina la kardinali ina utaratibu wake: cheo hukaa kati ya jina la ubatizo na jina la ukoo, kama katika Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa. Askofu huitwa Mhashamu. Vivyo hivyo, monsinyori ni jina la heshima kwa padre aliyetumikia vema, na halimwongezei daraja.

Kando ya mapadre wapo watawa, wanaoweka nadhiri za ufukara, useja na utii. Masista na mabruda si makleri, yaani hawana daraja, ingawa watu wengi huwachanganya. Kazi zao huonekana zaidi shuleni, hospitalini na katika malezi ya yatima. Mkuu wa shirika la masista huitwa Mama Mkuu. Kwa Wabenediktini, kama wale wa Peramiho na Ndanda kusini mwa Tanzania, mkuu wa monasteri ni abate, na watawa wenyewe humchagua kwa kura.

Makanisa ya Kiprotestanti yaliyo na maaskofu hufuata njia nyingine. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, liliundwa mwaka 1963 kwa kuungana kwa makanisa saba, na Stefano Moshi akawa mkuu wake wa kwanza. Dayosisi huongozwa na askofu, lakini askofu huyo huchaguliwa kwa kura katika mkutano wa wajumbe, ambao ni wachungaji pamoja na walei, yaani waumini wa kawaida. Mmoja wa maaskofu huchaguliwa kuwa Mkuu wa KKKT, naye huendelea kuiongoza dayosisi yake. Chini ya askofu yupo mkuu wa jimbo. Hapa msomaji aangalie vema: jimbo la Kilutheri ni sehemu ya dayosisi, ilhali jimbo la Kikatoliki ndilo dayosisi yenyewe. Mchungaji huongoza usharika, na usharika hugawanyika katika mitaa. Walutheri husema mchungaji amebarikiwa, ambapo Wakatoliki husema padre amepewa daraja.

Waanglikana wana ngazi zilezile tatu za shemasi, kasisi na askofu, ila namna ya kuwaita hutegemea wamisionari waliotangulia. Unguja, Masasi na Korogwe, ilikofanya kazi misheni ya UMCA yenye ibada zilizo karibu na za Kikatoliki, kasisi huitwa Padre hadi leo. Cecil Majaliwa, aliyepewa ukasisi mwaka 1890, alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hiyo. Dodoma na sehemu nyingine zilizohubiriwa na misheni nyingine ya Kianglikana, CMS, mtu wa daraja hiyohiyo ni Mchungaji. Kanoni ni kasisi aliyepewa heshima katika kanisa kuu la dayosisi, na arkidikoni husimamia parokia kadhaa kwa niaba ya askofu. Jimbo la Kianglikana la Afrika Mashariki lilipogawanyika kwa nchi mwaka 1970, John Sepeku akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Tanzania, na Festo Olang' wa Kenya.

Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, hutenganisha sala na utawala. Askofu wao ni mchungaji wa wachungaji: huwaombea, huwashauri na kuwabariki. Fedha, ajira na mipango ya jimbo viko mikononi mwa mwenyekiti aliyechaguliwa. Wapresbiteri wa Kenya hawana askofu kabisa. Huongozwa na mabaraza ya wachungaji na wazee, na anayeyasimamia huitwa moderata, kwa muda maalumu. Waadventista Wasabato nao huchagua mwenyekiti wa konferensi. Kwao, shemasi ni mlei anayechaguliwa na kanisa la mahali kutunza jengo, kuweka utulivu ibadani na kuhudumu wakati wa Meza ya Bwana. Ni jina lile la shemasi wa Kikatoliki, lakini kazi ni nyingine.

Katika makanisa ya Kipentekoste, mamlaka husimama zaidi juu ya karama. Waraka kwa Waefeso, sura ya nne, hutaja mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji na walimu, na makanisa mengi huzichukua kazi hizo tano kuwa huduma zilizo hai. Ndiyo maana leo wapo viongozi wanaoitwa Mtume au Nabii, majina ambayo makanisa ya zamani huwaachia watu wa Biblia. Madhehebu makubwa ya Kipentekoste yana maaskofu na taratibu za kuchaguana. Mengine huanzishwa na mtu mmoja, na uongozi wote humzunguka yeye. Mke wa mchungaji, aitwaye Mama Mchungaji, huwa na nafasi yake inayotambulika, hasa kwa wanawake na ndoa changa.

Suala la wanawake limebadili sura ya vyeo hivi. Kanisa Katoliki hutoa daraja kwa wanaume tu. KKKT imekuwa na wachungaji wanawake tangu miaka ya 1990, na mwaka 2021 Kanisa la Anglikana la Kenya liliwaweka wakfu maaskofu wanawake wawili: Emily Onyango, askofu msaidizi wa Bondo, na Rose Okeno wa Butere.

Hata hivyo, maisha ya kila siku ya kanisa hubebwa na watu wasiovaa kola. Parokia ya kijijini huweza kuwa na vigango vingi, na padre akafika kila kimoja mara chache kwa mwezi. Jumapili nyingine zote katekista ndiye anayeongoza ibada, anayewaandaa watoto kwa komunio ya kwanza na kipaimara, na anayesali na wagonjwa. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliutambua ukatekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa, jambo ambalo vijiji vya Afrika vilikuwa vimelijua kwa vizazi. Mwinjilisti wa Kilutheri hufanya kazi hiyohiyo katika mtaa wake, na wazee wa kanisa hukaa na mchungaji kuamua mambo ya usharika. Upande wa Kikatoliki ipo halmashauri ya walei, pamoja na vyama kama WAWATA cha wanawake na UWAKA cha wanaume.

Ngazi iliyo karibu zaidi na mlango wa nyumba ni jumuiya ndogondogo, ambayo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliipa kipaumbele katika miaka ya 1970. Kaya chache jirani hukutana kila wiki, zikizunguka nyumba kwa nyumba, chini ya mwenyekiti waliyemchagua wenyewe. Mwenyekiti huyo hana vazi la ibada wala cheo cha kutanguliza katika jina lake. Lakini mtu akiugua au akifariki, yeye ndiye anayepigiwa simu kwanza, na ndiye anayempelekea katekista habari, ili katekista naye amfikishie padre.