Posho ya Mkalimani

Neno posho lina maana mbili, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, zote mbili zimehamia nyumba moja. Kwa Mtanzania, posho ni fedha kidogo ya kujikimu anayopewa mtu nje ya mshahara. Kwa Mganda, posho ni ugali wa mahindi, ule unaoliwa na maharage mashuleni. Mkalimani anayeketi kando ya tabibu katika kituo cha afya cha makazi haya, akigeuza Kisomali kuwa Kiswahili na Kirundi kuwa Kiingereza, hupewa posho ya kwanza ili akanunue ya pili. Bajeti inapopunguzwa, hakuna aliye karibu na makali kuliko yeye.

Kutoka Mbarara, jiji linalojitambulisha kwa sanamu ya ng'ombe wa pembe ndefu, unakwenda kama kilomita 60 kupitia migomba ya Isingiro na malori ya matoke ndipo ufike. Makazi haya yalianzishwa 1958, yakawapokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Leo Wakongo ndio wengi. Wapo pia Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, jumla zaidi ya watu 200,000. Mgonjwa aliyevishinda vituo vya huku hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mbarara, wanakojifunzia madaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Safari hiyo inataka gari la wagonjwa na mafuta, na mafuta yanataka fungu.

Ukiingia kituoni utaona wauguzi wawili wanachoma sindano meza moja. Mmoja yuko kwenye orodha ya mishahara ya serikali, kupitia wilaya ya Isingiro. Mwenzake ana mkataba wa shirika, kama Medical Teams International ambalo kwa miaka mingi limekuwa mshirika wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kwenye huduma za afya huku, na mkataba huo unaishi kadiri fedha za wafadhili zinavyoishi. Wa serikali analipwa polepole lakini kazi yake haiondoki kirahisi. Wa shirika anaweza kuwa na mshahara mzuri leo na barua ya kuagwa mwisho wa mwezi. Halafu kuna mkalimani na wahudumu wa afya wa vijiji, wanaopita nyumba kwa nyumba kuulizia watoto wenye homa, ambao hawako kwenye orodha yoyote kati ya hizo mbili. Mganga mfawidhi, ambaye Uganda nzima humwita inchaji, anawaongoza wote hao, na mishahara yao haiko mikononi mwake hata mmoja.

Mwaka 2025 ulimkuta hapo. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani. Siku kumi baadaye Uganda ikatangaza Ebola mjini Kampala, na marehemu wa kwanza alikuwa muuguzi. Wizara ya Afya ikaagiza kliniki za Ukimwi na kifua kikuu zilizokuwa zikijitegemea ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Mei, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likawaondoa karibu wakimbizi milioni moja nchini kwenye mgao. Juni, UNHCR ikatangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani. Tarehe 1 Julai, USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa rasmi.

Mgao unapokatika, mtoto aliyekonda haendi ofisi ya chakula, anabebwa kituoni. Foleni inarefuka mwezi uleule ambao wahudumu wanapungua. Na mhudumu wa kijiji anayempima mtoto huyo mzingo wa mkono huenda naye amefutwa kwenye orodha ya chakula.

Sasa inchaji asiye na senti ya kuongeza afanye nini? Nitasema ninachoamini: watu wa afya huvumilia ufukara kuliko wanavyovumilia minong'ono. Niliwahi kufanya kazi ya ukarani mahali ambapo sitapataja. Barua ya kupunguza wafanyakazi ilifika Jumatatu, mkuu wetu akaifungia kwenye droo, labda kwa huruma. Kufikia Jumatano sote tulishaijua, kwa kuwa dereva aliyemleta mgeni kutoka makao makuu alikuwa na masikio. Siku tisa tulifanya kazi kila mtu akimtazama mwenzake kama jina litakalobaki badala ya lake. Wawili waliacha kabla hawajaambiwa lolote, na walikuwa wawili bora. Barua yenyewe ilipokuja kusomwa, ilitaka watu watatu tu wapunguzwe. Mpaka leo sijajua ile droo ilimwokoa nani.

Ahadi nayo ina madhara yake, pengine makubwa kuliko ya ukimya. Novemba 2021 madaktari walio katika mafunzo ya vitendo nchini Uganda waligoma wakidai shilingi 2,500,000 kwa mwezi walizoahidiwa na rais. Wakazipata. Mwaka 2023 zikashushwa hadi 1,000,000. Mei 2022 wauguzi na matabibu nao waligoma kudai nyongeza iliyoahidiwa. Serikali ikawaongezea waliohesabiwa kuwa wanasayansi, daktari akafika 5,000,000, na karani wa kumbukumbu anayemtafutia daktari huyo faili akabaki alipokuwa. Kisha tunashangaa faili linachelewa.

Kuna jambo ambalo Waganda walilijaribu zamani na halina gharama kubwa. Kati ya 1991 na 1995, ni asilimia 13 tu ya ruzuku ya matumizi ya kawaida iliyofika kwenye shule za msingi. Iliyobaki ilikwama njiani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya na kuzitaka shule zibandike ukutani kilichopokelewa. Kufikia 2001, wachumi Ritva Reinikka na Jakob Svensson walikuta zaidi ya asilimia 80 inafika. Wachumi wengine wakabisha kwamba si magazeti peke yake yaliyofanya hivyo, na sisi wa magazeti tukajifanya hatukusikia.

Vituo vya afya vikafuata. Jaribio la vituo 50 katika wilaya tisa, lililowakutanisha wanavijiji na wahudumu wao mezani na takwimu za kituo, lilitoa matokeo mwaka 2009 kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa theluthi. Likarudiwa baadaye katika vituo 376, na safari hii vifo havikupungua. Kilichobadilika ni namna wagonjwa walivyohudumiwa na walivyoridhika, nacho kwa kiasi. Sishangai. Hesabu zilizowekwa wazi hazijazi kabati la dawa. Zinachofanya ni kumwezesha muuguzi kumwambia mgonjwa dawa zimekwisha bila kushukiwa kuwa kaziuza, na kumwezesha mkalimani kujua kwamba inchaji hakumla.

Ndiyo maana naona kikao cha asubuhi kina uzito kuliko semina ya siku tatu hotelini Mbarara kuhusu ari ya wafanyakazi. Dakika kumi na tano, watu wamesimama: fedha zilizoingia ni hizi, zilizokatwa ni hizi, nisilolijua ni hili, nitalijua Ijumaa. Na Ijumaa ikifika, aseme, hata kama jibu ni kwamba bado hajajua. Mfagizi awepo, dereva awepo hasa, kwa sababu atalisema tu.

Na makali yakija, yaanzie juu. Semina zitangulie, posho za safari za wakubwa zifuate, gari la pili la mradi lipaki. Wanaomkata mkalimani kwanza huona wameokoa fedha, kwani jina moja limetoka na hakuna aliyelalamika. Atakayelipa ni mama Msomali anayeonyesha tumbo kwa kidole, na tabibu anayebahatisha, kisha gari la wagonjwa linalokimbilia Mbarara kwa tatizo ambalo sentensi moja ingelitatua kulekule. Hesabu ya mafuta ya safari hiyo haiwekwi kamwe pembeni mwa posho ya mkalimani. Iwekwe.

Msomaji uliye Uganda, miongozo ya serikali inataka fedha za huduma za msingi zinazotumwa kila robo mwaka kwenye kituo cha afya zibandikwe hadharani. Siku utakapompeleka mtoto, kabla hujaketi kwenye benchi, usogelee ubao wa matangazo usome. Ukikuta karatasi ya robo mwaka iliyopita, mwulize inchaji kwa adabu ya sasa iko wapi.