Eda ya Dakika Kumi: Kupanga Maleba, Mahali na Sura ya Filamu

Mwanafunzi mmoja aliniletea muswada wa filamu ya dakika kumi. Mjane yumo edani: miezi minne na siku kumi hatoki ila kwa haja, hapaki hina, hajifukizi udi. Wifi yake anaimezea mate nyumba ya marehemu. Swali la kwanza la mwanafunzi lilikuwa aazime kamera ipi. Nikamwomba kwanza anieleze mama huyu amevaa nini siku ya tatu ya eda, na atavaa nini siku itakapokwisha.

Mtazamaji huanza kumwamini au kumkataa mhusika kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana maleba, mahali na mtindo wa picha hupangwa pamoja, mezani, wiki kadhaa kabla ya kushuti.

Anza na jedwali. Kwa kila onyesho andika siku ya hadithi, saa, wahusika, vazi, mahali na rangi inayotawala. Filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Maonyesho yote ya ukumbini hupigwa kwa mkupuo, kwa hiyo mjane wa siku ya tatu na wa siku ya mia wanaweza kuvishwa asubuhi moja. Kila vazi lipigwe picha kwa simu, mbele na nyuma, hadi mkunjo wa mtandio. Hapo ndipo mwendelezo unapookolewa.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na maleba ya wanafunzi karibu yote ni ya kuazima. Basi yafanyeni yawe ya mhusika. Gauni la mjane lifuliwe na kuanikwa juani mara nyingi mpaka lipauke, kwani nguo yenye mikunjo ya dukani humsaliti mtu anayedaiwa kuivaa miezi mitatu.

Wifi mvisheni kanga. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina ni kauli. Wifi anaweza kumaliza ugomvi mzima bila kutamka neno. Ila kumbukeni kwamba jina huandikwa upande wa chini wa mji, na kanga ikifungwa kiunoni mara nyingi huangukia nyuma. Mwongozaji anayelijua hilo atampanga wifi ageuke na kuondoka taratibu, kamera ikisubiri mgongoni. Na kabla ya kuchagua jina, waulizeni akina mama wa mtaani. Wao wanajua lipi ni utani na lipi linavunja undugu.

Mahali pakaguliwe saa ile ile mtakayoshuti. Kaeni kimya robo saa, msikilize bodaboda, jenereta, redio ya jirani. Adhana ina saa zake, nanyi pangeni kuizunguka. Kwetu karibu na ikweta jua la saa sita hukaa utosini na kutia macho kivuli, kwa hiyo uani fanyeni kazi asubuhi au kuanzia saa kumi alasiri. Msitegemee magharibi ndefu: jua likizama, giza halikawii. Mbele ya ukuta wa chokaa, kamera iliyoachwa ijipimie mwanga yenyewe hufuata weupe wa ukuta na kuutia uso giza. Mleteni mwigizaji mbele zaidi, pimeni mwanga usoni pake, na shikeni kitambaa cheupe nje ya picha kiurudishie uso nuru.

Kundi moja nililolisimamia lilimvisha mwigizaji kanga ya samawati, likamkalisha mbele ya ukuta wa samawati. Tulikuja kuona wakati wa kuhariri: kichwa kinaelea, mwili haupo. Tangu siku hiyo sendi kukagua nyumba bila vipande vya nguo za wahusika, navipiga picha ukutani kwa simu.

Chagueni pia hadithi ya leo. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, inairudisha Zanzibar ya miaka ya 1950, na kazi kama hiyo hudai kila waya, dishi na bango la leo liondoke kwenye picha. Mwanafunzi hana mikono ya kutosha kwa hilo. Kibali cha kushuti nacho kiombwe mapema, na mwenye nyumba aelezwe kweli yote, pamoja na idadi ya watu watakaoingia kwake.

Mtindo wa picha hauhitaji mambo mengi. Kanuni moja inayotoka ndani ya hadithi inatosha. Tuliyokubaliana ni hii: eda ikiendelea, kamera haivuki mlango. Inakaa chini, kimo cha macho ya aliyeketi mkekani, na dunia ya nje huonekana kupitia mlangoni tu. Rangi kali huingia na wageni na kutoka nao.

Wiki iliyofuata mwanafunzi alirudi na jibu la swali langu. Siku eda inapokwisha, mjane anafungua sanduku na kutoa doti ambayo haijakatwa, mikunjo ya dukani bado imo. Ilikuwa zawadi ya mwisho ya mumewe. Anachukua mkasi, anaikata vipande viwili, anajifunga kimoja na kujitanda cha pili, anatoka. Kamera nayo inavuka mlango.

Nikamwambia sasa aende kuazima kamera yoyote atakayopata.